Baiskeli kwenye magofu ya Polonnaruwa na Anuradhapura, Sri Lanka: aliyewahi kwenda na kundi anisaidie

BintiTanga

Habari za jioni wana jukwaa.

Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kufika. Mimi ni muuguzi, niko Muscat mwaka wa tisa sasa. Wodini kwetu kuna dada wa Sri Lanka, tumezoeana sana, na mwaka huu kaniingiza kwenye safari ya kundi la watu kumi na wawili kwenda kwao mwezi wa saba. Ni siku nne: mbili Polonnaruwa, mbili Anuradhapura. Hiyo ndiyo miji mikuu yao ya zamani, imejaa majengo ya Kibudha yaliyobomoka, na kote huko mnazunguka kwa baiskeli, mwongozaji mbele, gari dogo la maji nyuma.

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga. Anayeijua Tanga anajua baiskeli ni nini kwetu. Mama alinipakia kwenye keria mpaka nilipofika darasa la tatu, halafu nikawa naendesha mwenyewe. Ila mara ya mwisho kukanyaga pedali ilikuwa 2009. Sasa nina miaka 51, na goti la kulia huniuma nikishuka ngazi baada ya zamu ya usiku.

Wasiwasi wangu ni huu. Joto la Muscat nalijua, lakini huku tunatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba tunaingia kwenye kiyoyozi cha gari. Nitaweza kutwa nzima juani? Halafu kundi: naogopa kuwa wa mwisho kila siku na kuwachelewesha wenzangu. Halafu mimi ni Muislamu, na naambiwa mbele ya sanamu unavua viatu na kofia. Sitaki kufanya jambo ambalo moyo wangu hautatulia nalo, wala sitaki kumvunjia heshima mwenyeji wangu nchini mwake.

La mwisho ni la mume wangu. Anauliza: siku nne za matofali yaliyovunjika, siku ya pili utaona nini ambacho hukukiona siku ya kwanza? Sikuwa na jibu. Nimetoa arubuni tu, salio linatakiwa mwisho wa mwezi.

MamaLeso_Mombasa

Dadangu, nenda. Mimi nilikwenda 2019 mwanzoni mwa mwaka, kundi letu lilikuwa watu tisa, na wawili walikuwa wamenipita umri.

Nianze na la viatu kwa sababu najua linavyosumbua, nami lilinisumbua. Pale mlangoni unavua viatu na kofia, unafunika mabega na magoti, basi. Hakuna anayekuambia uiname, upeleke maua au useme neno lolote. Mimi nilibaki na mtandio wangu kichwani na hakuna aliyenitazama vibaya. Niliichukua kama ninavyovua viatu nikiingia nyumba ya jirani: nyumba ni yake, adabu ni yangu. Roho ikatulia. Kubwa wanalolichukia ni mtu kuipa sanamu mgongo ili apigwe picha. Ukitaka picha, simama ubavuni au ugeuke uitazame. Hilo wanalichukulia kwa uzito kweli, na kuna wageni waliowahi kufikishwa mahakamani kwa utovu wa adabu mbele ya sanamu.

Chukua leso mbili. Moja ya kujifunga kiunoni ukifika mahali pa ibada, nyingine ya kujifunika mabega. Lakini usiendeshe nayo ikiwa inaning'inia! Ya kwangu iliingia kwenye cheni nikaanguka kwenye majani, nashukuru Mungu yalikuwa majani. Ikunje uiweke kwenye kikapu cha mbele. Na kikapuni usiweke ndizi wala biskuti, nyani wadogo wa kule hawaombi.

Soksi. Nasema tena, soksi nene. Mawe yale saa sita mchana ni kama kaango. Viatu unavua, soksi unaruhusiwa.

Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo macho yako hayatapotea barabarani. Ardhi yenyewe ni tambarare. Asubuhi utakuta wanauza appa, zile za unga wa mchele na tui zenye kingo nyembamba. Ukifumba macho utasema ni vibibi. Na madafu yao yana rangi ya chungwa, kunywa kila unapoyaona.

Kwa wanaosoma hapa na watatokea Kenya moja kwa moja: beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, wanakiulizia.

MzeeNdiva

Dada BintiTanga, salaam. Huwa nasoma humu kimya, lakini swali la shemeji limenigusa na ningependa alisome jibu yeye mwenyewe.

Mimi ni Mpare wa milimani, wilaya ya Same. Nimekulia kando ya ndiva, lile bwawa la udongo ambalo wazee wetu hulijaza maji ya mfereji usiku na kulifungua mchana, kila ukoo kwa zamu yake. Baadaye nilifanya kazi ya umwagiliaji maisha yangu yote, miaka mingi ikiwa kwenye mpunga wa skimu ya Ndungu. Nilipostaafu wanangu waliniuliza nataka nini. Niliwaambia nataka kuyaona mabwawa ya Sri Lanka, kwa sababu nilipokuwa mafunzoni mwalimu wetu alituchorea ubaoni mfereji wa kule wa karne ya 5, na sikuwahi kuusahau. Safari niliyoipata, Agosti 2018, ilikuwa ya baiskeli na magofu. Nikaichukua hivyo hivyo.

Tulikuwa kumi na mmoja. Baiskeli walizotupa zilikuwa nzito, za chuma, gia moja. Hapo sikiliza kuhusu goti lako. Wenye baiskeli za kukodisha hukuwekea siti chini ili miguu ifike ardhini usiogope. Ukiendesha hivyo kutwa, goti litavimba. Mwambie fundi apandishe siti mpaka mguu uwe karibu kunyooka pedali inapofika chini kabisa. Jaribu breki zote mbili ukiwa bado langoni, na bonyeza matairi kwa kidole gumba. Yangu ilipata pancha kabla ya saa nne asubuhi, nikasubiri gari nusu saa chini ya mti wakati wenzangu wako mbele. Kuhusu kuwa wa mwisho usihofu. Mji wa kale wa Polonnaruwa umetandazwa kusini hadi kaskazini kwa kilomita nne au tano hivi, na kila baada ya dakika chache mnasimama. Aliyetangulia anakusubiri kwenye kivuli, na kivuli anakipenda.

Siku ya kwanza tulifanya kama wanavyofanya wote. Jumba la mfalme Parakramabahu wa Kwanza, aliyetawala 1153 hadi 1186, kuta zake zina unene wa mita tatu. Halafu ule uwanja wenye Vatadage, jengo la duara lenye sanamu nne za Buddha zinazotazama pande nne. Mlangoni pake kuna jiwe la nusu duara lililochongwa safu za wanyama, wao huliita jiwe la mwezi. Litazame vizuri, kwa sababu Anuradhapura utayakuta ya zamani zaidi yenye tembo, farasi, simba na fahali. Huku Polonnaruwa fahali ameondolewa. Mwongozaji alitueleza kwamba wakati huo Uhindu ulikuwa na nguvu mjini, na fahali ni mnyama wa heshima kwao, haifai akanyagwe na miguu ya watu. Hapo hapo karibu kuna Gal Pota, kitabu cha jiwe, urefu wake unapita mita 8 na uzito wake kiasi cha tani 25, kilichokokotwa kutoka Mihintale, karibu kilomita 100. Mfalme Nissanka Malla amejisifu humo mistari kwa mistari.

Tulifika Vatadage saa sita. Nilikuwa bila soksi. MamaLeso amesema kweli.

Gal Vihara ndipo ninapotaka ukae. Wapeleke wenzako mbele kama wana haraka, wewe kaa. Ni mwamba mmoja wa matale, na ubavuni mwake wamechonga sanamu nne. Aliyelala ana urefu wa mita 14. Mstari wa rangi ya jiwe unapita usoni, kifuani na kwenye nguo bila kukatika, maana mchongaji hakuunganisha kipande na kipande, yote ni jiwe lile lile. Chini ya kichwa kuna mto wa kulalia, na mto umebonyea. Jiwe limebonyea kama pamba! Kisha nenda upande wa miguu. Nyayo hazilingani, moja imerudi nyuma kidogo. Wanasema ndiyo dalili kwamba hajalala usingizi, amekata roho. Mimi ni Mlutheri, sina dini ile, lakini nilivua kofia kabla sijaona kibao.

Sasa naja kwa shemeji.

Njiani, nyuma ya lile jumba la mfalme, tulipita birika la kuogea linaloitwa Kumara Pokuna. Lina midomo ya mamba ya mawe ambayo maji yalikuwa yakitokea. Wenzangu walipiga picha wakaondoka. Mimi nikauliza: maji yalitoka wapi? Mwongozaji akaonyesha magharibi, akasema kwenye bwawa, yalipita kwenye njia chini ya ardhi. Nikamwuliza tutapita lini huko bwawani. Akasema halimo kwenye ratiba.

Halimo! Bwawa lenyewe ni Parakrama Samudra, maana yake bahari ya Parakrama. Ukubwa wake unapita hekta 2,000, tuta lake lina urefu wa kilomita 14 hivi, na maji yake yanaletwa kwa mfereji kutoka mto Amban Ganga. Mfalme yule anakumbukwa kwa agizo kwamba hata tone moja la mvua lisifike baharini kabla halijamfaa mtu. Mji wote ule wa matofali na mawe ulilishwa na mpunga, na mpunga ulilishwa na bwawa lile. Mtu akikuonyesha majumba bila bwawa ni kama amekuonyesha sufuria akaficha jiko.

Jioni ile nilimwomba mwongozaji, kwa adabu, kwamba kesho yake tuondoke saa kumi na mbili asubuhi tupande tutani kabla ya jua. Alikubali, na watu sita walinifuata. Dada, juu ya tuta kuna barabara nzuri tu. Kulia kwako maji mpaka ufukweni mwa milima, kushoto kwako chini majaruba, na mwezi wa nane mpunga ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Hapo ndipo baiskeli inapolishinda gari. Miguu yako inakuambia ardhi inaelekea wapi. Tukifuata tuta, pedali zilikuwa nyepesi kote, hakuna kupanda wala kushuka. Tulipoteremka kuingia mashambani baiskeli ilijiendea yenyewe, polepole, kwa kipimo kile kile ambacho maji huteremkia kwenye mfereji wa shamba. Maisha yangu yote nimeupima mteremko kwa darubini ya upimaji, siku ile niliupima kwa miguu.

Kwenye mlango mmoja wa maji tulimkuta mzee anayeufungua. Hakujua Kiingereza, mimi sijui Kisinhala. Nilimwonyesha viganja vyangu, nikachora chini kwa kijiti banio, mfereji, na majaruba. Akacheka, akakichukua kijiti, akachora la kwake: ndani ya tuta, upande wa maji, akaweka kisima cha mraba. Nikakijua. Ni bisokotuwa, ile aliyotufundisha mwalimu wetu. Maji ya bwawa lenye kina kirefu yana nguvu ya kuvunja mlango na kulimega tuta kwa ndani, kwa hiyo wahenga wa kule walijenga kisima cha mawe ndani ya tuta, maji yakaingia humo kwanza, yakapungua kasi, ndipo yakatoka. Jambo hili walikuwa wakilifanya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wahandisi wa Kiingereza walipolifukua karne ya 19 walistaajabu. Mzee yule akanionyesha kwa vidole jinsi wanavyogawana zamu. Zamu ya maji! Nilikuwa nimesimama kilomita elfu kadhaa kutoka Same na mtu ananieleza zamu ya maji.

Ukilifuata tuta kuelekea kusini, kilomita moja na nusu hivi kutoka mjini, utafika Potgul Vihara. Kuna sanamu ya mtu mwenye ndevu imechongwa kwenye mwamba, urefu kama mita tatu na nusu, ameshika kitu mikononi. Wengine husema ni kitabu cha majani ya mti wa jamii ya mitende, wengine husema ni nira. Watu wa huko wengi watakuambia ndiye Parakramabahu. Makundi mengi hayafiki.

Kwa hiyo mwambie shemeji: siku ya kwanza utaona matofali, siku ya pili utaona yalikotoka.

Gurudumu254

Naheshimu sana aliyoandika Mzee, lakini niseme la kinyume kidogo kuhusu Anuradhapura. Mimi naendesha baiskeli kila wikendi, Nairobi hadi Kiserian na kurudi, na bado Anuradhapura ilinichosha. Polonnaruwa magofu yamepangana kwenye mstari. Anuradhapura yametawanyika, katikati kuna barabara za magari, na sehemu ya Sri Maha Bodhi, ule mti wao mtakatifu, unaacha baiskeli mbali, unakaguliwa, unatembea kwa miguu bila viatu. Ukitoka hapo baiskeli imekaa juani saa mbili, siti inaunguza.

Dada mwenye goti asione aibu kupanda bajaji mchana wa siku ya nne. Pesa kidogo, na unabaki na nguvu. Pia angalieni kalenda ya mwezi mpevu. Siku hiyo wanaiita Poya, ni sikukuu, mahujaji waliovaa meupe wanajaa Anuradhapura, na baiskeli utaisukuma tu. Kuwaona ni baraka, ila panga kuwa huko kwa miguu.

Na tafadhali jua likianza kuzama muwe hotelini. Tembo wa mwituni ukanda ule huvuka barabara jioni.

BintiTanga

Jamani, nimesoma yote mara mbili, na mara ya tatu nimemsomea mume wangu kwa simu. Alikaa kimya kisha akauliza bisokotuwa inajengwaje! Yeye ni fundi mwashi.

Mzee wangu, naomba nikusumbue tena. Hilo tuta, likoje kwa mtu wa goti? Kulipanda kuna ngazi? Na Anuradhapura nako kuna maji ya kuona, au huko ni majengo tu? Mwenzangu wa wodini anasema huko kuna mti ambao bibi yake alikuwa akiulilia kila alipougua mtu nyumbani, na kwamba nitamwelewa yeye vizuri nikiuona.

MzeeNdiva

Hakuna ngazi, dada. Barabara inapanda tutani taratibu, na ikikushinda shuka usukume, ni hatua chache.

Mti huo ni Jaya Sri Maha Bodhi. Uliletwa kama tawi kutoka India, kwenye mti ule ambao Buddha anasemekana alipata mwanga chini yake, ukapandwa Anuradhapura mwaka 288 kabla ya Kristo. Hakuna mti mwingine duniani uliopandwa na mtu, tarehe yake ikajulikana, na ukawa hai kwa muda mrefu kuliko huo. Matawi yake yameegemezwa kwa nguzo za rangi ya dhahabu kama mzee anavyoshikwa mkono na wajukuu. Nenda na mwenzako, mkae. Usimpige picha akiwa anaomba.

Gurudumu254 amesema vizuri juu ya umbali, nami namuunga mkono kuhusu bajaji mchana. Lakini asubuhi iwe ya baiskeli, na iwe hivi. Anzeni kwenye tuta la Tissa Wewa, bwawa lililo kusini mwa mji, saa kumi na mbili na nusu. Hapo ndipo unapoishia ule mfereji aliotuchorea mwalimu wangu ubaoni, Yoda Ela. Unatoka bwawa la Kala Wewa, urefu wake ni kilomita 87, na katika sehemu yake ya mwanzo unashuka sentimita 10 hadi 20 tu kwa kilomita nzima. Sijui kama nimeeleweka. Kilomita moja, kushuka kwake ni kiganja. Mimi na vyombo vyangu vya Kijapani nilikuwa naona fahari nikipata hivyo kwa mita mia tano.

Aliyejenga ni mfalme Dhatusena, karne ya 5. Husimuliwa kwamba mwanawe Kashyapa, yule aliyejenga ngome juu ya mwamba wa Sigiriya, alimpindua akamtaka aonyeshe hazina iko wapi. Mzee akaomba apelekwe Kala Wewa. Akaingia majini, akayachota kwa viganja, akasema hii ndiyo hazina yangu yote. Wakamwua.

Kutoka Tissa Wewa, bustani za kifalme na hekalu la mwambani la Isurumuniya ziko hapo hapo chini ya tuta, na mabirika ya bustani yalijazwa kwa maji ya bwawa hilo. Kisha mti. Kisha Ruwanwelisaya, kuba jeupe ambalo bado lina ibada. Kisha Jetavanaramaya, kuba la matofali, na hapo mshikie shemeji simu aione. Mfalme Mahasena aliianza karne ya 3 baada ya Kristo. Ilipokamilika ilisimama mita 122, na wakati ule duniani majengo marefu kuliko hilo yalikuwa piramidi mbili kubwa za Giza tu. Matofali yake yanakadiriwa kupita milioni 93. Fundi mwashi atajua maana ya hesabu hiyo: udongo wa kuchimba, kuni za kuchomea, na wali wa kila siku kwa kila aliyebeba. Huyo huyo Mahasena ndiye aliyejenga bwawa la Minneriya, ambako tembo hukusanyika kwa mamia kiangazi. Tofali na tuta, mkono mmoja.

Mchana lala. Alasiri kwa bajaji nenda Abhayagiri, magofu ya makazi ya watawa, na usiondoke bila kuona Kuttam Pokuna, mabirika mawili ya watawa. Kubwa lina urefu wa mita 40. Pembeni, kabla maji hayajaingia, tafuta vishimo vidogo vya mawe vilivyofuatana. Humo tope lilituama, maji yakaingia birikani safi. Wenzangu wote walikuwa wanapiga picha ngazi za birika. Mimi nilipiga magoti kwenye vishimo nikatia mkono ndani. Sisi Ndungu tulijenga vya saruji kwa kazi hiyo hiyo.

Polonnaruwa iliangushwa na wavamizi mwaka 1215, ikaja na malaria, watu wakahamia kusini magharibi, matuta yakapasuka, msitu ukafunika. Ukiwa pale utakutana na magofu ambayo hakuna aliyeyarudishia paa. Lakini bwawa wamelirudishia maji, na mpunga unalimwa. Hilo lilinifariji sana, nikifikiria ndiva zetu zilivyojaa tope siku hizi huku vijana wakiwa mjini.

Ukipita kwenye vibanda vya barabarani utaona vyungu vimepangwa. Ni mtindi wa maziwa ya nyati, wanaula na asali ya mti wa jamii ya mitende. Nunua chungu kizima.

MamaLeso_Mombasa

Mzee, mimi nilikaa siku mbili Polonnaruwa na sikulipanda hilo tuta. Nililiona kupitia dirisha la hoteli, nikajua ni ziwa la Mungu. Naumia.

BintiTanga

Nimelipa salio leo asubuhi.

Nimemwandikia mwongozaji kupitia mwenzangu, kwa Kisinhala, kuomba asubuhi ya pili tupande tuta la Parakrama Samudra na tufike Potgul. Amejibu kwamba kaka yake analima chini ya bwawa hilo hilo, zamu yao ya maji ni siku ya Alhamisi, na sisi tutakuwa huko Alhamisi. Anasema tutakunywa chai kwao.

Jioni nimekwenda Qurum, nimekodi baiskeli nusu saa kando ya bahari. Siti niliiomba ipandishwe kama ulivyosema, Mzee. Nilitetemeka mita mia za mwanzo, halafu mwili ukakumbuka. Goti halijasema kitu mpaka sasa, na ni saa nne usiku. Kesho nitaendesha saa nzima.

Mume wangu ameagiza nimpimie vile vishimo vya Kuttam Pokuna. Ametaka urefu, upana na kina. Kesho nanunua utepe wa kupimia.